Sura ya Sita: Namba ya Owen Sound

Chukua 2. Izidishe kwa 2 upate 4, kisha kwa 2 tena upate 8, uendelee hivyo mpaka mbili 13,466,917 ziwe zimezidishana zote. Ukifika mwisho, toa 1. Namba utakayobaki nayo inaanza na tarakimu 924947738 na kuishia na 256259071, na kati ya ncha hizo mbili zimo tarakimu nyingine zaidi ya milioni nne. Kwa jumla ni tarakimu 4,053,946. Mtu akiisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, bila kula wala kulala, atamaliza baada ya siku karibu 47. Ukiichapa tarakimu 3,000 katika kila ukurasa, utapata kitabu cha kurasa zaidi ya 1,350.

Namba hiyo, ambayo wanahisabati huiandika kwa ufupi 2¹³⁴⁶⁶⁹¹⁷ − 1, haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Ni namba tasa. Iligunduliwa tarehe 14 Novemba 2001 katika jimbo la Ontario, Kanada, kwenye mji mdogo wa Owen Sound ulio kando ya Georgian Bay, kaskazini-magharibi ya Toronto. Aliyeigundua, Michael Cameron, alikuwa na umri wa miaka 20. Kompyuta yake ilikuwa ya kawaida kabisa, yenye kichakataji cha AMD cha megahezi 800. Rafiki yake alimshauri kwamba kwa kuwa kompyuta ile hukaa imewashwa muda wote, afadhali ifanye kazi ya maana wakati yeye haitumii. Ikafanya kazi hiyo kwa siku 42, ikitumia muda wa ziada tu, na mwisho ikatoa jibu ambalo hakuna binadamu aliyekuwa nalo. Wakati ule ilikuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani.

Ukubwa huo ndio ulioandikwa na magazeti, lakini mimi ukubwa peke yake haunishangazi. Yeyote anaweza kutaja namba kubwa zaidi kwa kuongeza tarakimu moja mbele. Linalostahili kushangaza ni kwamba tuna hakika. Mtu anawezaje kuapa kwamba namba ya tarakimu milioni nne haina kigawo hata kimoja, ilhali hakujaribu vigawo vyote? Na kwa nini swali hilo linatupeleka mpaka Chuo Kikuu cha Toronto?

Tuanze na njia tuliyofundishwa shule ya msingi. Ukitaka kujua kama 97 ni tasa, unaigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, na hapo unaacha, kwa sababu inayofuata ni 11, na 11 mara 11 imeshaipita 97. Njia hii haina kosa. Watu wameanza kuzitazama namba hizi zamani sana: mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye alama za kuchonga huko Ishango, kwenye ufuko wa Ziwa Edward, mashariki ya Kongo, mfupa unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Safu yake moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu hawakubaliani kama mchongaji alikusudia hivyo, na mimi sioni ushahidi wa kutosha wa kuapa. Lakini safu ile ipo, na mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels.

Sasa jaribu njia ya shule kwa namba ya Owen Sound. Ungelazimika kugawa kwa kila namba tasa mpaka ufikie kipeuo chake cha pili, na kipeuo hicho kina tarakimu zaidi ya milioni mbili. Idadi ya atomu zote katika ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kwa namba ya tarakimu 80 hivi. Hakuna kompyuta iliyopo wala itakayokuja ambayo itaimaliza orodha hiyo ya vigawo. Njia ya shule inafia mlangoni.

Kinachoiokoa namba hii ni umbo lake. Namba zinazopatikana kwa kuzidisha mbili nyingi na kutoa 1 huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyechapisha orodha ya zile alizoamini kuwa tasa mwaka 1644. Kipeo, yaani idadi ya hizo mbili zinazozidishwa, kisipokuwa tasa, namba yenyewe haiwezi kuwa tasa: 2⁶ − 1 ni 63, inayogawanyika kwa 3 na kwa 7. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi. Namba 11 ni tasa, ilhali 2¹¹ − 1 ni 2,047, sawa na 23 mara 89. Mersenne mwenyewe aliteleza: aliziingiza 67 na 257 ambazo hazistahili, akaziacha 61, 89 na 107 zinazostahili. Simlaumu. Kwa zana za zama zake hakuna ambaye angeweza kuikagua orodha nzima.

Umbo hilo lina tabia tatu ninazozipenda.

Kwanza, kompyuta huandika namba zote kwa 1 na 0, na katika mwandiko huo namba ya Owen Sound ni mstari wa 1 peke yake, moja 13,466,917 mfululizo, bila sifuri hata moja. Pili, vigawo vya namba za aina hii, kama vipo, haviwezi kuwa vyovyote tu. Kila kigawo cha 2ᵖ − 1, ikiwa p ni tasa isiyo 2, lazima kiwe kigawe cha 2p ukiongeza 1. Tazama 2,047: p ni 11, kwa hiyo 2p ni 22, kigawo 23 ni 22 na 1, na kigawo 89 ni 22 mara nne na 1. Mtafutaji hana haja ya kugusa namba nyingine.

Tabia ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ni wepesi wa kupata baki. Ukitaka baki la kugawa 194 kwa 31, kumbuka kwamba 31 ni 32 toa 1. Ndani ya 194 zimo 32 sita, na zinabaki 2. Jumlisha 6 na 2 upate 8, na 8 ndilo baki. Hukugawa chochote kwa 31. Kwa kompyuta inayoandika kwa 1 na 0, kazi yote ni kuukata mstari mahali panapojulikana na kujumlisha vipande viwili, hata mstari uwe na urefu wa mamilioni.

Juu ya tabia hizo ndipo Mfaransa Édouard Lucas alipojenga jaribio lake mwaka 1876, na Mmarekani Derrick Henry Lehmer akalinyoosha katika miaka ya 1930. Jaribio lenyewe ni jepesi kiasi kwamba naweza kulieleza hapa lote. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki la kugawa kwa namba unayoichunguza. Rudia. Hatua za kurudia ni kipeo toa 2, hazizidi wala hazipungui. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Likiwa kingine chochote, si tasa.

Tuichunguze 31, ambayo ni 2⁵ − 1. Kipeo ni 5, kwa hiyo hatua ni 3. Kutoka 4 tunapata 16 toa 2, ambayo ni 14. Kutoka 14 tunapata 196 toa 2, ambayo ni 194, na baki lake tumeshaliona: 8. Kutoka 8 tunapata 64 toa 2, ambayo ni 62, na 62 ni 31 mara mbili. Baki ni sifuri. Basi 31 ni tasa, na hatukujaribu kuigawa kwa 2, 3 wala 5. Ukifanya hivyo kwa 2,047, baada ya hatua 9 utakuta baki la 1,736. Si sifuri, kwa hiyo si tasa.

Tazama jibu la 2,047 lilivyo. Limetuambia kwamba namba hii inavunjika, lakini halikututajia 23 wala 89. Mnunuzi wa nazi sokoni huishika, akaitikisa karibu na sikio, akajua kama ina maji au imeharibika, bila kuivunja. Jaribio la Lucas hufanya hivyo hivyo kwa namba, na hapo ndipo ilipo hoja ya sura hii: kujua kwamba kigawo kipo ni kazi moja, kukipata kigawo chenyewe ni kazi nyingine kabisa, na tofauti ya uzito wa kazi hizo mbili ni kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Lucas mwenyewe aliacha mfano usiosahaulika. Mwaka ule ule wa 1876 alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1, namba ya tarakimu 39, ni tasa, na hakuna aliyethibitisha namba tasa kubwa zaidi mpaka mwaka 1951. Alionyesha pia kwamba 2⁶⁷ − 1, ile aliyoiamini Mersenne, si tasa. Lakini vigawo vyake? Hakuwa navyo. Vilikuja kupatikana mwaka 1903, miaka 27 baadaye, pale Frank Nelson Cole alipowaonyesha wanahisabati wa Marekani kwamba namba hiyo ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Kuzidisha namba hizo mbili kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache kwa yeyote anayejua kuzidisha. Kuzipata kulimsubiri Cole zaidi ya robo karne.

Turudi Ontario. Kipeo cha Cameron kilikuwa 13,466,917, kwa hiyo hatua zilikuwa 13,466,915, na karibu kila hatua ilidai namba ya tarakimu zipatazo milioni nne izidishwe kwa yenyewe. Ukizidisha kama tulivyofundishwa, kila tarakimu ya juu kwa kila tarakimu ya chini, hatua moja ina mazidisho zaidi ya trilioni 16. Kompyuta inayomaliza mazidisho bilioni moja ya tarakimu kwa sekunde ingekaa saa nne na nusu kwenye hatua moja, na miaka 7,000 kwenye kazi nzima. Kompyuta ya Owen Sound ilimaliza kwa siku 42. Kwa wastani hatua moja ilichukua robo ya sekunde na ziada kidogo.

Miaka hiyo 7,000 iliokolewa na ugunduzi kuhusu kuzidisha. Mpaka mwaka 1960 hata mabingwa waliamini kwamba njia ya shule haina mbadala ulio mwepesi zaidi. Andrei Kolmogorov, mwanahisabati mkubwa wa Urusi, alilisema hilo mbele ya wanafunzi wake huko Moscow, na haikupita muda mrefu kijana wa miaka 23, Anatoly Karatsuba, akamwonyesha kwamba si kweli. Ujanja wake unaingia katika mistari michache. Ukizidisha 47 kwa 52 kwa njia ya shule, unafanya mazidisho manne: 4 kwa 5, 4 kwa 2, 7 kwa 5, 7 kwa 2. Karatsuba anafanya matatu. Anachukua 4 kwa 5, ambayo ni 20, na 7 kwa 2, ambayo ni 14. Kisha anajumlisha 4 na 7 apate 11, 5 na 2 apate 7, na kuzidisha 11 kwa 7 apate 77. Akitoa 20 na 14 kutoka 77, anabaki na 43. Sasa anapanga: mamia 20, makumi 43, mamoja 14, yaani 2,000 na 430 na 14, jumla 2,444. Zidisho moja limeokolewa. Katika namba ya tarakimu mbili faida hiyo ni ndogo, ila ukiikata namba ya tarakimu milioni katikati, kisha kila kipande katikati tena, na tena, akiba hujirundika mpaka inakuwa kubwa ajabu.

Mrusi mwingine, Andrei Toom, aliipanua njia hiyo mwaka 1963 kwa kuikata namba katika vipande vingi zaidi. Na mwaka 1966, katika tasnifu yake ya udaktari huko Harvard, Mmarekani kijana aitwaye Stephen Cook aliisafisha njia ya Toom na kuionyesha jinsi inavyoweza kutekelezwa. Mpaka leo programu za kuzidisha namba kubwa zina njia inayoitwa Toom–Cook. Mwaka 1971 Wajerumani Arnold Schönhage na Volker Strassen walikwenda mbali zaidi kwa kutumia hisabati ya mawimbi ya Fourier, na programu aliyoitumia Cameron, iliyoandikwa na George Woltman na kugawiwa bure tangu 1996, ilifuata mkondo huo wa mawimbi.

Cook hakubaki Marekani. Mwaka 1970 alihamia Chuo Kikuu cha Toronto, na mwaka uliofuata akatoa makala fupi iliyobadilisha mwelekeo wa sayansi ya kompyuta. Aliuliza, kwa lugha ya kihisabati iliyo wazi, swali ambalo kisa cha Lucas na Cole kinaligusa: ikiwa jibu la tatizo linaweza kukaguliwa haraka pindi ukiletewa, je, linaweza pia kupatikana haraka na asiyeletewa? Akaonyesha kwamba yapo matatizo yanayobeba uzito wa mengine yote ya aina hiyo, kiasi kwamba ukilitatua moja haraka, umeyatatua yote. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1982. Swali lenyewe halijajibiwa hadi leo, na tangu mwaka 2000 taasisi ya Clay ya Marekani imeliwekea zawadi ya dola milioni moja.

Jambo ambalo wengi wanaomtaja Cook hawalitaji ni kwamba namba tasa zimo ndani ya makala hiyo. Alipomaliza kuorodhesha matatizo yake mazito, alikiri kwamba mawili yamemshinda kuyaingiza katika orodha, na moja kati ya hayo ni la kutambua kama namba ni tasa. Aliona mbali. Tatizo lile halikuwa la orodha ile. Agosti 2002, miezi tisa baada ya kompyuta ya Owen Sound kutoa jibu lake, Wahindi watatu wa taasisi ya teknolojia ya Kanpur, Manindra Agrawal na vijana wawili waliokuwa wamemaliza shahada ya kwanza punde tu, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walithibitisha kwamba namba yoyote, yenye umbo lolote, inaweza kupimwa utasa wake kwa njia ambayo hailemewi tarakimu zinapoongezeka. Hiyo haikuua jaribio la Lucas. Kwa namba za Mersenne, jaribio la Lucas bado ni jepesi zaidi kwa mbali.

Kuvunja namba katika vigawo vyake ni habari nyingine. Huko hakuna Agrawal aliyejitokeza. Namba ya tarakimu 250 iliyowekwa kama changamoto kwa wataalamu ilivunjwa Februari 2020 tu, kwa kutumia kompyuta nyingi za kisasa kwa pamoja. Na juu ya ugumu huo umejengwa usiri wa mawasiliano tangu Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipobuni mfumo wao mwaka 1977: zidisha namba mbili tasa za siri, zenye tarakimu zipatazo 300 kila moja, utangaze jawabu kwa ulimwengu wote, na ulimwengu hautaweza kukurudishia zile mbili.

Hapa lazima niondoe dhana moja iliyoenea. Namba ya Cameron haifungi siri ya mtu yeyote. Inajulikana na kila mtu, na siri haiwekwi kwenye kitu kinachojulikana. Pia ni kubwa kupita kiasi kwa kazi hiyo. Namba tasa inayotuhudumia kila siku ni ndogo zaidi: 2²⁵⁵ − 19, yenye tarakimu 77, ambayo Daniel Bernstein aliichagua kuwa msingi wa mfumo wake wa funguo, na ambayo WhatsApp huitumia kufunga ujumbe kabla haujaondoka kwenye simu. Salamu inayotumwa kutoka Toronto kwenda Tanga hupita juu ya namba hiyo. Yenyewe si siri. Siri ni ufunguo unaochaguliwa ndani yake. Na ilichaguliwa kwa sababu ile ile tuliyoiona juu: iko karibu kabisa na 2 zilizozidishana, kwa hiyo baki lake hupatikana kwa kukata na kujumlisha.

Toronto ina uhusiano mwingine na namba tasa ambao nitaupitia haraka. Mwaka 1924 mkutano mkuu wa wanahisabati wa dunia ulifanyika huko, ukiandaliwa na John Charles Fields wa chuo hicho hicho, na fedha zilizobaki baada ya mkutano zikawa chanzo cha Nishani ya Fields. Waliowahi kuipata kwa kazi inayogusa namba tasa ni pamoja na Atle Selberg mwaka 1950, Terence Tao mwaka 2006 na James Maynard mwaka 2022. Na John Friedlander wa Toronto, akishirikiana na Henryk Iwaniec, alichapisha mwaka 1998 uthibitisho kwamba namba tasa zinazopatikana kwa kujumlisha kipeo cha pili cha namba moja na kipeo cha nne cha nyingine hazina mwisho.

Namba ya Owen Sound ilishika nafasi ya kwanza kwa miaka miwili. Novemba 2003 ilipitwa, nayo iliyoipita ikapitwa. Ninapoandika, kubwa kuliko zote ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana Oktoba 2024 na Mmarekani Luke Durant kwa kutumia kompyuta za kukodi zilizosambaa katika nchi nyingi. Lakini namba ya Cameron haikupoteza chochote cha asili yake. Bado ni ya 39 katika namba tasa za Mersenne. Na kwa kanuni ya Euclid, ukiizidisha kwa 2¹³⁴⁶⁶⁹¹⁶ unapata namba timilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ilivyo sawa na 1 na 2 na 3. Namba timilifu hiyo ina tarakimu 8,107,892.

Upande wa pili wa mizani ipo namba ndogo inayowatesa watafutaji. Namba 2¹²⁷⁷ − 1 ina tarakimu 385 tu. Kompyuta ya mkononi huipitisha katika jaribio la Lucas kwa muda usiofika sekunde moja, na baki la mwisho si sifuri. Si tasa, hilo halina shaka. Ilhali kigawo chake hata kimoja hakijapatikana, baada ya miaka mingi ya kutafutwa na kompyuta za watu wengi.

Nina ombi kwa walimu wa hisabati. Tunawafundisha watoto namba tasa kwa kuwakaririsha orodha ya zilizo chini ya 100, kisha mlango unafungwa. Kuzidisha, kutoa na kutafuta baki wanakujua tayari, na jaribio la Lucas halidai zaidi ya hayo. Wape 8,191, ambayo ni 2¹³ − 1. Waanze na 4. Watapita 14, 194, 4,870, na mbele kidogo 36. Na kama hawakukosea mahali, katika hatua ya kumi watakuta 128, na katika hatua ya kumi na moja sifuri.